Kukagua gita la umeme dukani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayorudi kila mara kutoka kwa watu wanaojiandaa kununua gita la umeme, wawe ndio kwanza wanaanza au ni wapiga solo wa miaka mingi. Majibu yanafuata utaratibu ninaoufuata mwenyewe nikiwa dukani: mikono na macho kwanza, amplifaya baadaye.

Nikifika dukani nianzie wapi?

Anza na gita likiwa halijachomekwa popote. Najua hamu yote iko kwenye amplifaya, na huenda muuzaji ameshashika waya mkononi, lakini mwombe dakika kumi za utulivu. Gita la umeme lina mambo ambayo fundi anayabadilisha bila shida: nyuzi, pikapu (vinasa sauti vya sumaku vilivyo chini ya nyuzi), vitufe, swichi, urefu wa nyuzi juu ya shingo. Na lina mengine ambayo ukishalipia umeyachukua moja kwa moja: shingo iliyojikunja, freti (vile vyuma vyembamba vilivyokingama kwenye shingo) zilizopandishwa ovyo, unene wa shingo kwenye kiganja chako, uzito wa bodi, yaani kiwiliwili cha gita. Hayo ya kwanza yanamalizwa kwa saa moja au mbili mezani kwa fundi. Haya ya pili utaishi nayo, au utalipa fedha nyingi kuyarekebisha hadi ujute kwa nini hukununua gita la daraja la juu zaidi.

Amplifaya haikuonyeshi mambo ya kundi la pili. Mara nyingi inayafunika, kwa sababu sauti kubwa iliyojaa mwangwi na distoshoni (ule mkwaruzo wa makusudi wa roki) humeza mikwaruzo yote midogo ya freti. Ndiyo maana nasisitiza shingo ikaguliwe kabla ya sauti.

Kulipiga gita la umeme bila umeme kunanieleza nini?

Mengi sana. Chuna uzi mmoja mmoja ukiwa wazi, uuache unyamaze wenyewe. Inamisha kichwa, gusisha sikio au taya kwenye pembe ya juu ya bodi, na utasikia gita lote linavyotetemeka. Nyuzi zote sita zinapaswa kudumu kwa muda unaokaribiana. Uzi mmoja ukinyamaza mapema kuliko wenzake, kuna mahali unakwama: kwenye mfupa wa juu ulio kati ya kichwa na shingo, au kwenye daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi upande wa bodi.

Halafu panda freti kwa freti, uzi kwa uzi, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Gita la freti 22 lina noti 132 za kubonyeza, na kuzipitia zote ni kazi ya dakika chache tu. Unachowinda ni noti inayokufa kabla ya jirani zake. Shingo nayo ni kipande cha mbao kinachotetemeka. Mtetemo wake unapolingana na noti fulani, inanyonya nguvu ya uzi na noti hiyo inakatika. Kwenye magita ambayo shingo imefungwa kwa skrubu, mahali pa kwanza pa kuchunguza ni uzi wa tatu (ukihesabu kutoka ule mwembamba zaidi), kati ya freti ya 5 na ya 7. Dalili ndogo ya jambo hili ipo hata kwenye magita mazuri sana, kwa hiyo usilikatae gita kwa sababu noti moja inadumu kidogo kuliko nyingine. Likatae pale noti inapozimika kama vile umeifunika kwa kiganja.

Jambo moja la kuzingatia: nyuzi za dukani zimeguswa na vidole vya watu wengi, zikashika jasho na kutu. Nyuzi zilizochoka hutoa sauti iliyofifia na hazitulii kwenye tuni. Ukiona zimekuwa nyeusi au zinakwaruza ukizipapasa, na gita lenyewe unalitaka kweli, omba wazibadilishe kabla hujatoa hukumu. Duka linalojali wateja halitaona hilo kuwa usumbufu.

Nitajuaje kama shingo imenyooka?

Tumia uzi wenyewe kama rula. Bonyeza uzi wa sita, ule mnene, kwenye freti ya kwanza kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia uubonyeze pale shingo inapoungana na bodi. Sasa tazama katikati, karibu na freti ya 7 au ya 8. Kuna mwanya mdogo kati ya uzi na freti? Unatakiwa uwepo, wa robo milimita hivi. Kipimo rahisi ni uzi wa kwanza wa seti ya namba 10: unene wake ni inchi 0.010, yaani robo milimita hiyohiyo. Mwanya ukiwa mkubwa wazi, shingo imeinama mbele. Usipokuwepo kabisa, imenyooka mno au imebinuka kinyume, na nyuzi zitakwaruza kwenye freti za mwanzo.

Kuinama kwa namna hii peke yake si ugonjwa. Ndani ya shingo kuna fito ya chuma ya kurekebishia, ambayo Thaddeus McHugh wa kampuni ya magita ya Gibson aliichukulia hataza mwaka 1923, na leo karibu kila gita la umeme linayo. Mwombe muuzaji aizungushe robo mzunguko mbele yako. Unataka kuona mambo mawili: kwamba shingo inaitikia, na kwamba nati ya fito haijafika mwisho wala haijalika kichwa. Fito iliyokwama ni sababu tosha ya kulirudisha gita ukutani.

Kisichorekebishika kwa fito ni shingo iliyojisokota. Shika gita kwa mkao wa kulenga shabaha, jicho moja likiwa usawa wa daraja, utazame kingo mbili za shingo hadi kichwani. Freti zote zinapaswa kulala sambamba. Zile za kichwani zikionekana zimeegemea upande mmoja na zile za karibu na bodi upande mwingine, achana nalo, hata rangi iwe nzuri kiasi gani.

Freti nizikague namna gani?

Hapa ndipo utofauti wa gita lililotengenezwa kwa uangalifu na lile lililoharakishwa unapoonekana, na ndipo wanunuzi wengi hawaangalii kabisa.

Kwanza kingo. Pitisha ubavu wa kiganja chako ukingoni mwa shingo, kutoka kichwani hadi kwenye bodi na kurudi. Freti zisikukwaruze. Vichwa vikali vinavyochomoza huwa ni dalili kwamba mbao ya shingo ilikauka na kusinyaa baada ya freti kupachikwa, kwa sababu chuma hakisinyai. Gita linapenda hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Likikaa muda mrefu mahali pakavu kuliko hapo, freti huchomoza. Fundi anaweza kuzipiga tupa, kwa hiyo si mwisho wa dunia, ila gharama hiyo iingize kwenye hesabu yako.

Pili usawa. Freti moja ikiwa juu kuliko wenzake, noti ya freti iliyo nyuma yake itakwaruza au itasikika kama noti ya mbele. Tayari umepitia noti zote, kwa hiyo utakuwa umeigundua. Rudi mahali pale ubonyeze taratibu, upige kwa nguvu ya kawaida. Kila gita litakwaruza ukilicharaza kwa hasira bila kuchomeka, kwa hiyo pima kwa mkono wako wa kila siku.

Tatu, vuta nyuzi. Weka kidole kwenye uzi wa pili, freti ya 14 au ya 15, uusukume juu hadi sauti ipande noti nzima, yaani sawa na freti mbili, na uisikilize ikidumu. Ikikatika katikati ya kupanda, uzi umegusa freti nyingine. Kabla ya kulaumu fundi angalia umbo la ubao wa shingo. Magita ya kampuni ya Fender ya mtindo wa zamani yana ubao uliopinda sana, wenye nusu kipenyo cha inchi 7.25, na nyuzi zikishushwa chini sana zitakatika tu kwa sababu ya umbo hilo. Fender nyingi za sasa zina inchi 9.5, Gibson inchi 12, na hapo hakuna kisingizio.

Mwisho ni mng'aro. Ukivuta uzi na kuhisi mchanga chini yake, freti hazijapigwa msasa vizuri. Hilo huisha kwa kupiga, au kwa dakika ishirini za kung'arisha. Lisikutie wasiwasi.

Nyuzi ziwe juu kiasi gani?

Kwenye freti ya 12, milimita 1.5 hivi kwa uzi mwembamba na milimita 2 kwa uzi mnene ni mahali pazuri pa kuanzia. Kadi mbili za benki zikibanwa pamoja zina unene wa milimita 1.5, na kwa kawaida unazo mfukoni. Kama kadi hizo zinaingia chini ya uzi wa kwanza bila kuunyanyua na bila nafasi kubwa kubaki, hapo pako sawa.

Nyuzi zikiwa juu sana dukani usiogope mara moja. Tazama skrubu za daraja: je, zina nafasi ya kushuka zaidi? Kama zimeshafika chini kabisa na nyuzi bado ziko juu, shingo imekaa kwa pembe mbaya kwenye bodi. Ukilipenda gita la namna hiyo, mwite fundi aliangalie kabla hujalipa.

Kwa nini nyuzi za gita moja ni laini kuliko za jingine, na namba ni ileile?

Urefu wa uzi kati ya mfupa wa juu na daraja. Stratocaster na Telecaster za Fender zina milimita 648, Les Paul ya Gibson ina takriban milimita 628. Uzi mfupi unahitaji kukazwa kidogo tu kufika noti ileile, kwa hiyo unaonekana laini chini ya kidole. Hakuna ulio bora; wenye vidole vifupi wengi hupenda huo mfupi.

Nitajuaje kama gita linashika tuni?

Watu huangalia funguo za kukazia na kuzilaumu. Ni kweli, funguo mbovu zipo: zungusha kila moja na uhisi kama inakwenda laini au ina ulegevu kabla ya kushika. Lakini mhalifu mara nyingi ni mfupa wa juu.

Tuni gita vizuri kwa tyuna, kifaa cha kupimia noti. Sasa legeza uzi wa tatu kidogo, kisha uukaze polepole huku ukisikiliza kwa makini. Ukisikia kimlio kifupi cha "tingi" na mshale wa tyuna ukaruka ghafla badala ya kupanda taratibu, uzi unanaswa kwenye mfereji wake. Uzi wa tatu ndio unaosumbua zaidi, hasa kwenye magita yenye kichwa kilichoinama nyuma na funguo tatu kila upande, kwa sababu hapo uzi hupinda kwenda chini na tena kwenda pembeni. Kila utakapouvuta kwenye solo, utarudi umepungua. Dawa ni kupanua na kulainisha mfereji kwa tupa ndogo. Kazi ya fundi ni fupi, lakini asiyejua akijaribu ataharibu mfupa mzima.

Kina cha mifereji kikague hivi: bonyeza uzi kwenye freti ya tatu, uangalie nafasi juu ya freti ya kwanza. Iwe nyembamba kama unywele. Ikiwa kubwa, kordi za freti za mwanzo zitasikika zimepanda hata ukituni kwa usahihi. Ikiwa haipo kabisa, uzi ukiwa wazi utakwaruza.

Kama gita lina mkono wa tremolo (ule wa kwenye daraja unaoyumbisha sauti), ushushe mara kadhaa kisha upime tuni tena. Kwa anayeanza, ushauri wangu ni daraja lisilocheza. Daraja linaloelea lenye kufuli za nyuzi, la aina ya Floyd Rose, ni kifaa kizuri mno mikononi mwa anayelihitaji, ila kubadilisha seti ya nyuzi kwake ni kazi ya jioni nzima kwa asiyezoea.

Nyuzi zikiwa wazi ziko sawa, nikipanda juu kordi zinasikika vibaya. Gita ni bovu?

Huenda halijapangwa tu. Gusa uzi kidogo juu kabisa ya freti ya 12 bila kuubonyeza, uchune, upate hamoniki, sauti nyembamba kama ya kengele. Kisha ubonyeze freti hiyohiyo. Tyuna inapaswa kuonyesha noti moja. Ile ya kubonyeza ikiwa juu, kipande kinachobeba uzi kwenye daraja kinasogezwa nyuma ili uzi urefuke. Ikiwa chini, kinasogezwa mbele. Ni bisibisi tu. Fanya ukaguzi huu nyuzi zikiwa mpya, kwa maana nyuzi zilizochakaa haziwezi kusema ukweli hapa. Na usibonyeze kwa nguvu ya kupita kiasi, utapandisha noti mwenyewe ukadhani ni gita.

Hatimaye amplifaya. Nitumie ipi, na niipange vipi?

Tumia inayofanana na ile uliyo nayo nyumbani, au utakayoinunua. Duka litakuchomeka kwenye amplifaya yake bora, na karibu kila gita litaimba. Ukifika nyumbani na kispika cha inchi 8, ile besi nene iliyokushawishi haipo, kwa sababu uzi wa sita wazi unatetemeka mara 82 kwa sekunde na kispika kidogo hakiwezi kuisukuma sauti ya chini namna hiyo kama kile cha inchi 12.

Chaneli safi. Besi, kati na trebo vyote katikati. Mwangwi uzimwe, efekti zote zizimwe. Waya uwe mfupi, mita tatu hivi, kwa maana waya mrefu wa kawaida hupunguza trebo na utadhani pikapu zimefifia. Kama ni amplifaya ya vali, ipe muda ipate moto kwanza. Vitufe vyote vya gita vifunguliwe hadi mwisho, halafu pitia kila nafasi ya swichi.

Ukisharidhika na sauti safi, ongeza distoshoni kama ndiyo utakayotumia. Sikiliza kama kordi inabaki na noti zake au inageuka tope. Piga noti mbili za karibu kwa pamoja, punguza volyumu ya gita hadi nusu, na uangalie kama sauti inasafishika. Gita zuri hukuruhusu kuongoza amplifaya kwa kidole kimoja kwenye volyumu.

Nikilinganisha magita mawili, nitaepukaje kudanganyika?

Lisawazishe jambo moja kabla ya yote: ukubwa wa sauti. Sikio la binadamu husikia besi na trebo hafifu sauti ikiwa ndogo, na sauti ikipanda besi hujaa na trebo hung'aa. Fletcher na Munson wa maabara za Bell walilipima hili na kulichapisha mwaka 1933. Matokeo yake dukani ni kwamba gita lenye pikapu zenye nguvu zaidi litaonekana bora kila mara, kwa sababu tu linapiga kelele zaidi. Shusha volyumu ya amplifaya unapolichomeka lile lenye nguvu, hadi yote mawili yalingane sikioni, ndipo uamue.

Piga kitu kilekile kwenye yote mawili, taratibu, kitu unachokijua kwa moyo. Maonyesho ya kasi hayakusaidii. Mara nyingi kordi moja pana iliyoachwa idumu hunieleza mengi kuliko solo ndefu. Na kama una rafiki, mpe apige huku wewe umegeuka ukiangalia ukuta. Rangi na jina lililoandikwa kichwani vina nguvu kubwa kuliko tunavyokubali.

Pikapu za koili moja na za koili mbili zinatofautiana nini kwa sikio?

Koili ni waya mwembamba uliozungushwa kwenye sumaku ndani ya pikapu. Koili moja, kama za Stratocaster ya 1954, hutoa sauti angavu, yenye makali ya wazi, kila noti ikisikika imesimama peke yake. Mpiga rithm anayechuna nyuzi za juu kwa vidole vyepesi atazipenda. Koili mbili, ambazo Seth Lover alizibuni Gibson mwaka 1955, ni nene, za mviringo zaidi, na hubeba distoshoni bila kupasuka. Kati yake ipo P-90 ya 1946: koili moja pana, yenye ukali na uzito kwa pamoja. Ukipata nafasi isikilize, watu wengi huipita bila kujua.

Nafasi ya pikapu nayo ina uzito sawa na aina yake. Karibu na daraja uzi husogea kidogo na sauti ni kali. Karibu na shingo uzi unacheza kwa upana na sauti ni ya joto. Linganisha nguvu za pikapu hizo mbili. Moja ikizidi nyingine kwa mbali, kwa kawaida ni urefu wake tu, na skrubu mbili pembeni zinaurekebisha. Sumaku ikiwa karibu mno na nyuzi huzivuta, na noti za nyuzi nene kwenye freti za juu husikika kama zinayumba, haziingii kwenye tuni. Watu wengi wamelikataa gita zuri kwa kasoro ambayo bisibisi ingeiondoa kwa nusu dakika.

Linavuma. Ni bovu?

Pikapu za koili moja huvuma. Zinanasa sumaku ya umeme wa mains, wa mara 50 au 60 kwa sekunde kutegemea nchi, pamoja na taa na skrini za dukani. Geuka upande mwingine ukiwa umelishika gita. Mvumo ukipungua kwa mwelekeo fulani, ndio huo, ni tabia ya kawaida. Koili mbili ziliundwa hasa kuufuta: koili ya pili imezungushwa kinyume, mvumo wa moja unaua wa nyingine. Kwenye Stratocaster nyingi za sasa utasikia mvumo ukitoweka kwenye nafasi ya 2 na ya 4 ya swichi, kwa sababu pikapu ya kati imezungushwa kinyume.

Mvumo unaokoma ukigusa nyuzi pia ni wa kawaida, maana mwili wako umeungana na waya wa ardhi wa gita. Ukiongezeka ukigusa nyuzi, uungaji wa waya huo una kasoro, na hapo usikubali kuambiwa "yote yako hivyo". Na ukihisi hata mchomo mdogo wa umeme, liweke chini na chomoa amplifaya. Hilo ni tatizo la usalama kwenye umeme au amplifaya.

Vitufe na swichi?

Zungusha kila kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho huku uzi unalia. Mkwaruzo wa vumbi huondoka kwa dawa ya kusafishia. Volyumu inayobaki palepale kisha kuzimika ghafla mwishoni ni ya bei rahisi, na utaichukia. Tikisa plagi taratibu kwenye tundu lake: sauti isikatike.

Mbao zina umuhimu?

Pikapu hunasa mwendo wa uzi wa chuma, kwa hiyo mbao hufika kwenye amplifaya kupitia tu namna zinavyouacha uzi utetemeke. Pikapu, amplifaya na kispika zina sauti kubwa zaidi katika matokeo. Msimamo wangu ni huu: usilipie jina la mbao. Lipia mbao iliyokaushwa vizuri na kuunganishwa vizuri. Pale shingo inapoingia kwenye bodi, pasiwe na mwanya wa kuingiza karatasi nene.

Kuhusu ubao wa shingo, rozwudi ni mti wa jenasi moja na mpingo, Dalbergia, na biashara ya jenasi hiyo yote iliwekewa masharti ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, mwanzoni mwa 2017. Watengenezaji wengi wakahamia mbao nyingine, lorel na pau fero. Mwishoni mwa 2019 ala zilizokamilika ziliondolewa kwenye masharti hayo kwa aina nyingi za mti huo, isipokuwa rozwudi ya Brazili inayolindwa kwa ukali zaidi. Kwa hiyo ukikuta lorel usidhani ni udanganyifu wa duka.

Magita mawili ya modeli moja yanaweza kutofautiana?

Ndiyo, sana, hasa ya bei nafuu. Omba yaletwe mawili au matatu kutoka stoo. Gita la bei nafuu lililotoka vizuri kiwandani linaweza kulishinda la bei ya juu lililopitishwa na mkaguzi aliyechoka, na hapo ndipo muda wako dukani unapolipa.

Uzito?

Mengi yako kati ya kilo 3 na 4.5. Livae kwa mkanda, simama nalo robo saa. Liachie mikono: kichwa kikianza kuporomoka kuelekea sakafuni, mkono wako wa kushoto utabeba kazi hiyo kila onyesho.

Sijui kupiga hata kordi moja. Nitakaguaje?

Unaweza kufanya zaidi ya nusu ya haya. Kupapasa kingo za freti, kutazama shingo, kupima kwa kadi, kupitia noti 132 kwa kidole kimoja, kuzungusha vitufe: hakuna kinachohitaji ujuzi wa muziki. Sehemu ya amplifaya mpe muuzaji apige, kwa ombi moja: apige kordi za kawaida, polepole, chaneli safi. Muuzaji stadi akicharaza solo yake ya siku zote, unasikia vidole vyake.

Kisha lishike mwenyewe, hata kama unaona haya. Shingo inayojaza kiganja hadi kidole gumba kinauma baada ya dakika mbili haitakuhamasisha kufanya mazoezi.

Na kama ni gita lililotumika?

Ongeza mambo matatu. Tazama nyuma ya shingo chini kidogo ya kichwa, kwa mwanga wa pembeni, ukitafuta ufa au rangi iliyopakwa upya. Vichwa vilivyoinama nyuma, kama vya Les Paul, huvunjika hapo gita likianguka. Ufa uliounganishwa vizuri kwa gundi unaweza kudumu miaka mingi, ila bei lazima ishuke. Pili, angalia freti tatu za mwanzo chini ya nyuzi nyembamba: mashimo ya kina yanamaanisha freti mpya karibuni, na hiyo ni kazi ya gharama. Tatu, fungua kifuniko cha nyuma au cha mbele kama muuzaji anaruhusu. Lehemu iliyong'aa na nadhifu hutuliza moyo. Waya zilizofungwa kwa gundi ya karatasi huuliza maswali. Namba ya utambulisho ithibitishe kwa mtengenezaji mwenyewe, kwa maana magita bandia yenye majina makubwa ni mengi.

Nimelichagua. Kabla ya kutoka?

Omba ufunguo wa fito ya shingo na wa daraja, kwa sababu saizi hutofautiana kati ya watengenezaji. Uliza kama bei inajumuisha marekebisho ya fundi, na utaje namba ya nyuzi utakayotumia, maana kuhama kutoka namba 9 kwenda namba 11 hubadilisha mvuto kwenye shingo na kila kipimo ulichochukua. Hakikisha unaondoka na gita lilelile ulilolikagua, si jingine lililofungwa kwenye boksi. Andika namba yake ya utambulisho kwenye simu ukiwa bado umelishika.